Nazi Tunaila Tayari, Kijiko cha Asubuhi cha Nini?

Mafuta ya nazi yamehama rafu. Nilipokuwa mdogo hapa Mombasa yalikaa upande wa urembo, karibu na hina, udi na sabuni, au uliyapata kwa mama wa mtaani aliyeyapika mwenyewe na kuyauza kwenye chupa za soda zilizooshwa. Siku hizi ukiingia duka kubwa la Nyali unayakuta kwenye vyakula vya afya, yamo ndani ya mtungi wa kioo, na bei yake inakufanya uutazame mara mbili. Karatasi ya ubavuni inasema hayana kolesteroli. Kwenye simu nako hapiti mtu siku nyingi kabla hajatumiwa video ya mwenzetu anayemeza kijiko kikubwa cha mafuta hayo kabla ya chai, akisema ndiyo siri ya wazee wa Pwani.

Mimi nafundisha kemia sekondari, na nimelelewa katika nyumba ambayo mbuzi ya kukunia nazi haikauki. Mafuta haya nayapenda kwa dhati. Ndiyo maana nataka tujue kilichomo ndani yake, kwa sababu tunauziwa kwa jina la mila yetu wenyewe, na kwa maoni yangu hakuna watu wasiokihitaji kijiko hicho kama sisi.

Nianze na lishe, maana hesabu yake ni fupi. Gramu 100 za mafuta ya nazi zina kalori zipatazo 890, na zote zinatoka kwenye mafuta. Protini hamna, wanga hamna, nyuzinyuzi hamna. Madini ni chembe tu. Vitamini E imo kidogo sana, kama miligramu 0.1, na vitamini A hamna kabisa, tofauti na mawese mekundu ambayo rangi yake yenyewe ni malighafi ya vitamini hiyo. Kijiko kikubwa kimoja, gramu 13 na ushei, ni kalori 120 hivi.

Sasa itazame nazi yenyewe. Gramu 100 za nyama ya nazi iliyokomaa zina mafuta gramu 33, na karibu nusu ya uzito wake ni maji. Lakini humo humo mna nyuzinyuzi gramu 9, protini gramu 3 na kitu, potasiamu zaidi ya miligramu 350, mna manganizi na shaba. Ukishakamua mafuta, hivyo vyote vimebaki nyuma, kwenye chicha tunayowamwagia kuku na kwenye maji yaliyokauka jikoni. Anayesifu mafuta kwa sifa za nazi anasifu kitu ambacho hakimo tena ndani ya chupa.

Kilichomo ni trigliseridi. Kila molekuli ya mafuta, yawe ya nazi, ya alizeti au ya ng'ombe, ni gliseroli iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Tofauti ya mafuta na mafuta iko kwenye asidi hizo: urefu wa mnyororo wake wa kaboni, na kama umeshiba haidrojeni au una sehemu zenye kifungo maradufu. Nazi ina mpangilio wake ambao mimea michache sana inao. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyoitwa Codex Alimentarius, vinasema kati ya asilimia 45 na 53 ya asidi zake ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12. Inafuata asidi ya miristiki yenye kaboni 14, asilimia 17 hadi 21. Hiyo ndiyo asidi kuu katika mafuta ya kungumanga tunayotia kwenye kahawa na kaimati. Palmitiki, yenye kaboni 16, ni asilimia 8 hadi 10. Zile fupi, kapriliki ya kaboni 8 na kapriki ya kaboni 10, kila moja ni asilimia 5 hadi 10 au chini kidogo. Oleiki, ambayo ndiyo asidi kuu ya mafuta ya zeituni, haizidi asilimia 10, na linoleiki, moja ya zile ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ni asilimia 1 hadi 2 na nusu. Ukijumlisha, sehemu kati ya 8 na 9 katika kila 10 za mafuta ya nazi ni mafuta yaliyoshiba. Siagi ina karibu nusu. Mafuta ya nguruwe, kwa wanaoyala, ni chini ya nusu.

Kushiba huko ndiko kunakotueleza jambo ambalo kila mtu wa Mombasa amelishuhudia. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mafuta ya nazi ni maji matupu. Kusi likishaingia vizuri, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku joto linashuka hadi nyuzi 21 au 22, na asubuhi unaikuta chupa imeganda. Inaanza kuwa na ukungu mweupe kwenye kuta, kisha vipunje, kisha donge zima lisilotoka mpaka uiweke juani au uizamishe kwenye maji moto. Mafuta haya huyeyuka kwenye nyuzi 24 hadi 26, na Mombasa inaishi pande zote mbili za mstari huo. Minyororo iliyoshiba imenyooka, kwa hiyo joto likipungua inalala ubavu kwa ubavu kama njiti ndani ya kibiriti. Asidi yenye kifungo maradufu ina kona, haipangiki hivyo, ndiyo maana mafuta ya alizeti hayagandi hapa hata kusi livume vipi. Kila mwaka hunijia mtu na chupa iliyoganda akidai ameuziwa mafuta yaliyochanganywa na mshumaa. Kuganda kwake si dalili ya uchakachuaji. Mafuta ya nazi yasiyoganda usiku wa Julai ndiyo ya kutilia shaka.

Nataka nikae kidogo kwenye upishi wake, kwa sababu kemia nyingi niliyojifunza baadaye nilikuwa nimeiona kwanza uani Kisauni, kwa mama mmoja jirani yetu. Alichagua nazi zilizokomaa kabisa, zile ambazo ukizitikisa maji yanacheza ndani. Akazikuna, akazikamua kwa maji ya uvuguvugu, akaliacha tui litulie hadi lile zito lipande juu. Hilo zito akalienga taratibu na kulibandika motoni, na kuni zake zilikuwa vifuu na makumbi ya nazi zilezile.

Mwanzo sufuria inapiga kelele. Tui ni maji na mafuta yaliyoshikiliwa pamoja na protini, na mradi maji yamo, joto halipandi zaidi ya nyuzi 100 na kidogo. Linatokota, linarusha matone, mwiko haupumziki. Kisha protini zinakatika, zinakuwa vipande vyeupe vinavyoogelea, na pembeni ya sufuria unaanza kuona duara la mafuta safi. Yule mama hakuwa na kipimajoto. Alikuwa anasikiliza. Kelele zikianza kupungua, alipunguza moto; zikikatika kabisa, alijua maji yamekwisha, na kuanzia hapo joto linapanda upesi na vile vipande vinageuka kutoka rangi ya dhahabu kwenda hudhurungi. Alikuwa na dakika chache tu. Akiepua mapema, unyevu unabaki na mafuta yanaharibika mapema. Akichelewa, yanaungua na kunuka moshi. Sisi watoto tulikuwa tunavizia yale makapi ya hudhurungi, tunayala na sukari, na hakika utamu wake sijapata kuuona kwenye kitu kingine.

Harufu ya mafuta aliyoyapika si ya trigliseridi, kwa sababu trigliseridi haina harufu. Ile harufu tamu ya nazi inatokana zaidi na kemikali ziitwazo laktoni, na upishi wa moto unaongeza harufu ya protini na sukari zilizokaangika. Yanayokamuliwa bila moto yanabakiwa na laktoni peke yake, ndiyo maana yananukia nazi mbichi. Yale ya kiwandani yanayotokana na mbata, yaani nazi iliyokaushwa, husafishwa, hupaushwa na kuondolewa harufu, hivyo hayanukii kitu. Lakini asidi za mafuta ni zilezile katika yote matatu. Lauriki haiongezeki kwa sababu mtungi una maandishi mazuri. Anayelipa bei maradufu analipia harufu, viambato vichache vya ziada na kazi ya mikono, na hivyo vina thamani yake, ila mshipa wa damu hautambui tofauti kubwa.

Sasa tufike kwenye madai ya video. Kubwa ni kwamba mafuta ya nazi ni ya mnyororo wa kati, yaani asidi zake si fupi sana wala ndefu sana, kwamba yanakwenda moja kwa moja kwenye ini na kuchomwa kama nishati, hayakai mwilini. Asili ya dai hili ni utafiti wa kweli. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, walipima mafuta maalumu yaliyotengenezwa kwa kapriliki na kapriki, na wakaona yanachangia kidogo kupunguza uzito. Ila katika mafuta ya nazi asidi hizo mbili ni kama sehemu moja kati ya saba. Wauzaji wakaihesabu lauriki nayo kuwa ya mnyororo wa kati, na kwenye karatasi ya kemia wanaweza kutetewa, kwa kuwa kaboni 12 iko mpakani. Mwilini sivyo. Sehemu kubwa ya lauriki husafiri kama asidi ndefu: hufungwa pamoja na mafuta mengine kwenye utumbo, hupita kwenye limfu, kisha huingia kwenye damu. Utafiti wa mafuta moja umebandikwa kwenye chupa ya mafuta mengine.

Dai la pili, kwamba lauriki huua vijidudu, nalo lina chembe ya ukweli. Kwenye maabara, lauriki na kiambata chake kiitwacho monolaurini hupasua ngozi ya baadhi ya bakteria na virusi. Kutoka bakuli la maabara hadi mtu anayemeza kijiko na kupona mafua ni safari ndefu ambayo haijathibitishwa na mtu.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Khalati yangu ana presha na kolesteroli iko juu. Aliniita akanionyesha mtungi alionunua. “Mwanangu,” akaniambia, “hii imeandikwa haina kolesteroli. Mbona daktari yuwanikataza?”

“Ni kweli khalati, haina,” nikamjibu. “Hata mafuta ya alizeti hayana. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Kolesteroli inayomshughulisha daktari ni ile inayotengenezwa na ini lako mwenyewe.”

Ini hutengeneza kolesteroli, na ini hilohilo huichuja kutoka kwenye damu kwa kutumia vipokezi vinavyoikamata LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya. Mafuta yaliyoshiba yakizidi, vipokezi hivyo hupungua, LDL inabaki ikizunguka na kujipenyeza kwenye kuta za mishipa. Kwa hiyo maandishi ya mtungi ni ya kweli na bado yanampotosha mwanamke wa miaka sitini na kitu. Hilo linaniuma. Sheria inaweza isiwe na kosa la kushika hapo, lakini aliyeandika alijua msomaji ataelewa nini.

Ushahidi umelala upande gani? Haujalala upande mmoja tu, na ni haki niseme hivyo. Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha jaribio ambamo watu 91 walikula gramu 50 kila siku kwa wiki nne, wengine mafuta ya nazi, wengine ya zeituni, wengine siagi. Siagi ilipandisha LDL. Mafuta ya nazi hayakutofautiana sana na zeituni, na yalipandisha HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri. Jaribio hilo linanukuliwa sana, na ni sawa linukuliwe. Lakini mwaka 2020 jarida la Circulation lilitoa uchambuzi uliokusanya majaribio 16, na kwa ujumla wake mafuta ya nazi yalipandisha LDL kwa miligramu 10 hivi kwa desilita ukilinganisha na mafuta ya mimea isiyo ya nchi za joto. HDL nayo ilipanda, kama miligramu 4. Watu hushangilia hiyo HDL, ila majaribio makubwa ya dawa za kuipandisha hayakuleta kinga ya moyo iliyotarajiwa, kwa hiyo mimi siweki tumaini langu hapo. Chama cha Moyo cha Marekani kilishatoa ushauri mwaka 2017 wa kutoyatumia mafuta ya nazi. Shirika la Afya Duniani linasema mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hizo ni gramu 22. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi vinaimaliza posho hiyo, na hujala kitu bado.

Kuna wanaonijibu kwa visiwa vya Pasifiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1981 ulikuta watu wa Tokelau wakipata asilimia 63 ya nishati yao kutokana na nazi, na wa Pukapuka asilimia 34, na magonjwa ya moyo yalikuwa nadra pande zote mbili. Ni kweli. Utafiti huohuo ulikuta kolesteroli ya Watokelau iko juu ya ya Wapukapuka kwa miligramu 35 hadi 40, na nusu hii ya habari huachwa. Kisha watu wale walikula nyama ya nazi pamoja na samaki, sukari ilikuwa haba, na mchana kutwa walikuwa wakivua na kupanda. Mtu wa Tudor anayekaa ofisini, akarudi nyumbani kwa matatu na kukaa tena, hawezi kuazima moyo wao kwa kunywa mafuta.

Na hapa ndipo ninapotaka tuihesabu sufuria yetu. Kwetu siku huanza kwa mahamri na mbaazi za nazi. Mchana wali wa nazi, mchicha wa nazi au samaki wa kupaka. Nazi moja yenye nyama ya gramu 300 ina mafuta kama gramu 100. Nikikadiria kwamba mkono unakamua zaidi ya nusu kidogo na chakula kinaliwa na watu sita, kila sahani ina gramu 10 hivi za mafuta, karibu yote ya kushiba. Ni kama kijiko kikubwa kasoro kidogo, kilichokuja pamoja na mbaazi, nyuzinyuzi zake na protini yake. Mahamri yenyewe yamekaangwa, na mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa Kenya ni mawese yanayoshushwa hapahapa bandarini kwetu, ambayo nusu yake ni mafuta yaliyoshiba. Mtu wa namna hii akija kuambiwa aongeze kijiko cha asubuhi kwa ajili ya afya, anaongezewa kitu alichonacho tele. Sina ugomvi na mbaazi. Sitaki kuishi Mombasa isiyo na tui. Ninachokataa ni kijiko.

Kukaangia je? Kwa kuwa vifungo maradufu ni vichache, mafuta ya nazi hayachachi upesi kwa hewa na moto. Kipimo cha aidini, ambacho huonyesha wingi wa vifungo hivyo, ni 6 hadi 10 kwa nazi, na kwa alizeti ya kawaida ni zaidi ya 118. Ila yale yasiyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 177 hivi, na bhajia au viazi karai hukaangwa karibu na joto hilo. Kwa kuunga kitunguu ni sawa. Kwa karai la biashara, hapana.

Mahali ambapo sina kinyongo hata kidogo ni kichwani na mwilini. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini kwenye nywele, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, ukiyapaka kabla ya kuosha au baada. Lauriki ni fupi na imenyooka, inapenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu. Bibi zetu walipaka usiku wakasuka na kuosha kesho yake, wakayatia asumini yakanukia. Ngozi kavu nayo huyapokea vizuri, ingawa mwenye chunusi ajihadhari, yanaziba.

Na sabuni! Gramu 100 za mafuta ya nazi zinakunywa kama gramu 18 za hidroksidi ya sodiamu, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ili zigeuke sabuni yote. Za zeituni zinatosheka na 13 na ushei. Minyororo ikiwa mifupi, molekuli ni nyingi zaidi ndani ya uzito uleule, na kila moja inataka soda yake. Wanafunzi wangu huipima hesabu hii wenyewe, na macho yao hufunguka pale sabuni hiyo inapotoa povu kwenye maji ya chumvi ya kisima, ambako sabuni nyingine zinakatika na kuacha utando. Mabaharia waliitegemea kuogea maji ya bahari.

Kuhusu kununua, mimi hutazama unyevu kuliko jina. Maji yakibaki ndani, trigliseridi hukatika na kuiachia lauriki huru, na mafuta yanapata ladha ya sabuni ulimini. Itazame chupa dhidi ya mwanga: mafuta yasiwe na mawingu wakati wa joto, wala tone la maji chini. Usichovye kijiko chenye maji. Na ukiletewa mbata za kukamulia, zile zenye ukungu wa kijani au wa manjano zitupe kabisa, hata kuku usiwape. Ukungu huo unaweza kuwa na aflatoksini, sumu ileile inayotajwa kwenye mahindi. Kukata pale palipoota hakutoshi, kwa sababu sumu huenda mbali kuliko ukungu unaoonekana.